Nyumbani Mnakaa Wangapi?

Nyumba yetu ni pacha, mlango wangu kushoto na wa jirani yangu Honorio kulia, na ukuta wa katikati ni mwembamba. Kabla mkewe hajapatwa na kiharusi niliwasikia wote wawili, Honorio na mkewe Lorraine, wakifundishana lugha jikoni na kuchekana. Baadaye ikabaki redio tu.

Honorio Quizhpi alizaliwa milimani huko Cañar, nchi ya Ekuado. Hapa kwetu Pennsylvania, katika bonde hili la makaa ya mawe yaliyokwisha, alipata kazi ya kuoka mikate. Lorraine Yablonski, mjane asiye na mtoto, alikuwa akiuza mikate hiyohiyo kaunta. Lorraine alimzidi Honorio umri kwa miaka tisa. Walipooana, mji ulinong'ona, ila Bernadette, mdogo wake Lorraine, hakuona haja ya kunong'ona. Siku ya harusi, katika ukumbi wa zimamoto, alimsogezea bwana harusi sahani ya pirogi, maandazi ya viazi ya kwao.

"Kula, shemeji, ushibe kabisa. Ukishapata kadi yako hatutakuona tena."

Meza nzima ikacheka. Honorio alikuwa hajaelewa maneno yote, lakini kicheko alikielewa. Alikula zile pirogi zote, akasema ahsante.

Kadi ya ukaazi anayopewa mgeni aliyetoka kuoa raia ni ya miaka miwili. Kabla haijaisha, mume na mke huomba pamoja apewe ya kudumu, wakionyesha kwamba ndoa yao ni ndoa. Lorraine alikuwa ameshaanza kuweka picha na bili kwenye kasha la biskuti. Kisha, majira ya baridi ya pili, kiharusi kikamwangusha akifua nguo. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakamtoroka karibu yote. Alielewa ukimsemesha, lakini alichoweza kujibu ni "Jumanne". Una njaa? Jumanne. Unaumwa? Jumanne. Alipotoka hospitali walimpeleka makao ya wagonjwa ng'ambo ya mto, kwa gharama ya serikali.

Wauguzi wakimlisha, alifunga mdomo. Akija Honorio, aliufungua. Basi Honorio akaomba apunguziwe zamu, awe anafika kila siku wakati wa chakula cha mchana. Mshahara ukapungua nusu, na ada ya ombi ikawa kitu cha kutazamwa kwa mbali.

Nilimpeleka mimi kwa Connie Matusek, mama anayesaidia wahamiaji katika chumba cha chini cha kanisa. Connie alimweleza kwamba mtu wa kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada. Akaanza kumuuliza maswali, kalamu mkononi.

"Nyumbani mnakaa wangapi?"

"Wawili."

"Wanataka kujua wanaolala pale, Bwana Honorio. Mkeo yuko makao."

"Nguo zake zipo. Viatu vyake viko mlangoni. Mto wake sijauondoa."

"Najua, kaka yangu. Lakini hata ukiandika mmoja, kipato chako bado kiko chini ya kiwango. Hupotezi kitu."

"Andika wawili, mama."

Connie alinitazama. Mimi nikatazama dari. Akaandika wawili, akaambatisha barua ya serikali inayoonyesha kwamba Lorraine anagharamiwa, iwe ushahidi wa kipato chao kidogo. Lorraine mwenyewe alitia sahihi yake kwa mkono wa kushoto: msalaba uliolala upande, kwa kuwa alama tu inakubalika kwa mgonjwa. Ilimchukua muda mrefu, na alipomaliza alimtazama mumewe kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Kifurushi cha maombi kikarudi chote. Msamaha umekataliwa, walisema: mke haishi katika nyumba hiyo, kwa hiyo msaada anaopewa yeye hauhesabiki kwa mume. Mwombaji athibitishe kipato chake mwenyewe.

Honorio hakulalamika. Jioni alikaa nami barazani, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

"Jirani, mimi sielewi. Ukurasa huu wanataka niseme niko peke yangu. Ukurasa wa pili wanataka nithibitishe nina mke. Sasa mimi ni nani?"

Nilimletea supu.

Aliporudi kwa Connie, aliandika "mmoja" kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaomba ruhusa, akatoka nje kwenye theluji, akasimama huko bila koti. Connie hakumwita. Alipoingia, Connie alimwambia jambo la pili: kwa kuwa hawalali tena nyumba moja, itafaa wapate maelezo ya mtu wa upande wa mke, aliyeiona ndoa yao kwa macho.

"Upande wa mke yuko Bernadette peke yake," Honorio akasema.

"Basi nenda kwa Bernadette."

Alienda Jumapili, baada ya misa. Bernadette alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Shemeji, nilijua utakuja. Kadi inakaribia kuisha, sivyo?"

"Inakaribia."

"Na mimi niwaandikie nini? Kwamba mnapendana kama njiwa?"

"Uandike ulichokiona. Kama hujaona kitu, uandike hujaona kitu."

Bernadette akasema atafikiri, akafunga mlango. Honorio alinisimulia haya kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Usiku ule redio haikuwashwa.

Wiki zikapita. Connie alishakata tamaa, akaanza kupanga kupeleka maombi bila maelezo hayo. Ndipo asubuhi moja nikaliona gari la Bernadette limesimama mbele ya nyumba. Akashuka, akatia bahasha katika sanduku la barua la Honorio, akarudi garini bila kubisha hodi. Nikafungua dirisha.

"Yuko ndani, Bernadette."

"Najua yuko ndani," akasema, akaondoa gari.

Honorio alinipa niisome, maana mwandiko ulikuwa wa kukimbia. Bernadette aliandika kwamba hakuwahi kumpenda shemeji yake na hadhani ataanza sasa. Akaandika kwamba siku moja alifika makao bila kutazamiwa, akamkuta amepiga magoti sakafuni, miguu ya Lorraine mapajani mwake, anamkata kucha. Alisimama mlangoni, hawakumwona, akaondoka. "Mume wake wa kwanza nilimjua miaka ishirini," alimalizia, "sikuwahi kumwona akipiga magoti."

Kifurushi kikaenda tena. Safari hii msamaha ulikubaliwa, na ikaja barua ya kumwongezea muda wakati ombi la kadi likichunguzwa. Connie alimpigia simu bekari, akampongeza, akamwambia asherehekee na watu wake.

Honorio alinunua keki kaunta, pale aliposimama Lorraine zamani. Msichana wa sasa alimuuliza aandike jina gani juu yake. Akasema hapana jina. Akaibeba ndani ya basi hadi ng'ambo ya mto. Lorraine alikuwa na mafua, amelala. Alimngoja, akamwambia habari zile polepole kwa lugha zote mbili, akampakia sukari ya keki mdomoni kwa ncha ya kijiko. Lorraine alilamba, akafumba macho tena. Keki iliyobaki Honorio aliwagawia wazee wa ukumbini, wasiomjua na ambao kesho yake hawangekumbuka.

Kadi yenyewe haijaja mpaka leo. Wanasema uchunguzi huchukua muda. Bernadette huenda makao Jumatano, siku ambayo shemeji yake huchelewa, na hawajakutana. Jioni namsikia Honorio akipika mote, mahindi ya kuchemsha ya kwao, jikoni, sufuria moja, sahani moja. Mara nyingine nagonga ukuta, naye hugonga akajibu, halafu kila mtu anaendelea na chakula chake.