Mwigizaji wa Misri Kwenye Meza ya Matanga

Wifi yangu Eliane angeweza kumkasirisha hata malaika. Najua ninachosema, maana tumeishi ua mmoja hapa Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu tulipotoka Uvira. Mume wangu ndiye kaka yake, na alinikabidhi nimwangalie. Kumwangalia Eliane! Wenzake wako shambani wanapalilia mahindi, yeye amekaa mlangoni anachora wanawake wa sinema.

Tena si sinema za siku hizi. Za zamani, zile zisizo na rangi. Baba yao alikuwa anaonyesha filamu katika ukumbi mmoja kule Uvira, na Eliane alikulia nyuma ya mashine akiwatazama Wahindi, Wataliano na Wamisri, mpaka nyuso zao akazijua kuliko za shangazi zake. Tulipokimbia, wengine tulibeba sufuria. Yeye alibeba nyuso za watu kichwani, na nyuso hazipiki ugali.

Alikuwa akikata kadi kutoka maboksi ya mafuta ya mgao, anazipaka uji mwembamba wa muhogo, na zikikauka anachora kwa masizi ya sufuria. Sufuria yangu, si yake. Pembeni anazishonea utepe wa maganda ya mgomba, kisha anazibana kwenye kamba ya nguo. Unaenda kuanua sketi, unakutana na Mtaliano amekukodolea macho. Uso mmoja mgumu, kama ule wa mwanamke wa Misri mwenye shela, ulimla wiki nzima kuuchora.

Na chini ya uso haandiki jina. Nilimwambia mpaka ulimi ukachoka: andika jina, watu wajue ni nani.

"Mutu wa sinema haandikwake jina, Anne," ananijibu. "Batu banamujua."

Nani anamjua? Rubondo hii? Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili alidhani yule mwenye shela ni Bikira Maria, akaja kutuhubiria habari za sanamu mpaka chai ikapoa. Eliane hakubadilika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu, mwaka 2009, akatokea mtu anayewajua. Bwana Katungi wa Mbarara alikuwa anafungua ukumbi wa filamu za zamani, akamkuta Eliane na kadi zake sokoni Kaberebere. Akainua moja, akacheka peke yake. Akainua nyingine, akataja jina la mwigizaji. Eliane alilia palepale katikati ya vitunguu vya watu, nami nikaona aibu. Yule bwana akaagiza kadi za kupamba mlango, akamwahidi na kazi ya kudumu: kuchora mabango ya ukumbi, na chumba cha kulala nyuma yake.

"Lakini nyabo, mama," alisema, "hii mutu ya Misri lazima iko katikati. Nafungua Jumamosi. Kama yeye hapana, mimi natafuta mutu ingine ya kazi."

Nilimwombea Eliane kwa Mungu. Nilitaka sufuria yangu, ndiyo, lakini nilitaka pia akaishi mahali ambapo kuna hata mtu mmoja anayeelewa anachofanya. Mimi nilimpenda na sikuelewa, na hilo lilinichosha kuliko masizi.

Ijumaa tunarudi kutoka kisimani, kamba ina pengo. Mmisri hayupo. Mlangoni amefungwa kuku, mtetea mnene, anatutazama. Huyo ndiye jirani wa Rubondo: haibi, anachukua na kukuachia kitu, halafu wewe ukabishane na kuku. Nilimtambua yule kuku. Alikuwa wa Mukarukundo, jirani yetu, na siku hiyo yeye na dada zake walikuwa wanaondoa matanga ya mama yao, Mukandoli.

Hapo nikaelewa, nikatamani kupiga kelele. Siku ya kuondoa matanga, picha ya marehemu huwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, kila mtu anapita anaiaga. Lakini ni nani aliyekimbia vita na albamu ya picha?

Tulimkuta Mmisri ameegemezwa kwenye chupa ya chai, amezungukwa na maua, wanawake wanamlilia. "Mama, lala salama," wanamwambia mcheza sinema wa Kairo.

"Mukarukundo!" Eliane alifoka. "Uyu haiko mama yenu! Uyu ni mutu wa sinema!"

"Anafanana naye kidogo, dada."

"Fasi gani?"

Mukarukundo akainyoosha pembe ya kitambaa. Aliyejibu ni baba yake, mzee Byiringiro, mfugaji, mume wa marehemu, aliyekuwa amekaa kando ya meza.

"Miye najua haiko yeye, binti yangu. Ni bibi yangu, nitakosa kumujua? Lakini batu balikosa fasi ya kutazama. Baage kitambaa?"

Nikamvuta Eliane mkono. Chukua kadi twende, gari la Mbarara linaondoka alfajiri. Akaichukua, nikashusha pumzi. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaokota kipande cha mkaa jikoni kwao.

"Basi museme alikuwa namna gani! Pua!"

Kila binti akaja na pua yake. Huyu fupi, yule ndefu, wakagombana mbele ya wageni. Eliane anafuta kwa pindo la kitenge, anachora, anafuta, anatukana kwa Kifaransa. Nikaona kwa macho yangu Mmisri anapanuka pua, anapata mwanya, shela yake inageuka kilemba.

"Eliane, Mbarara!" nilimnong'oneza.

"Unyamaze, Anne. Siwezi acha batu baage mutu mwingine. Ni haya kwa mama yao, na ni haya kwa ule wa Misri."

Jumamosi alipeleka kadi zilizobaki. Bwana Katungi akatazama pengo la katikati, na kazi ya mabango akampa mchoraji mwingine. Eliane yuko hapa Rubondo hadi leo, na mimi nina hasira hadi leo.

Lakini ile Ijumaa alimaliza akiwa amechoka na amechukia, na chuki yote ikaingia kwenye kadi. Mwanamke aliyetokea alikuwa amekunja uso, midomo imebana, jicho moja dogo kuliko jingine. Mabinti hawakuipenda. Walitaka mama yao awe anacheka. Nikajua tumepoteza Mbarara kwa bure kabisa.

Eliane akampa mzee. Byiringiro akaiweka magotini, akaitazama, kisha akavua kofia yake.

"Usinikasirikie, Mama Mukarukundo," akaiambia. "Leo tena ngombe njo zilinichelewesha."

Akaanza kulia, na mabinti wakaja kumshika.