Boila Iliyozimika Mama Mkwe Akiwa Uani

Jambo hili ni la aibu, sikatai, ila kwa kuwa nusu ya mtaa waliniona nikiwa na chupi na masizi, afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa jirani na mtani wangu Mama Fadhila, ambaye kila akisimulia hunivua nguo moja zaidi.

Mnanijua. Niliondoka Mtwara na begi la mgongoni nikarudi na kontena, na hapo katikati kuna diploma ya mitambo ya kupasha joto niliyoisomea Uingereza kwa jasho langu, jioni darasani, mchana nikizunguka nyumba za Waingereza kufufua boila zao za mafuta, za kuchemshia maji (kule boila ikizima wakati wa baridi, fundi hupokelewa kama daktari). Nikajenga pembeni ya mji, barabara ya kwenda Msimbati, mikorosho ya watu pande zote, na nyuma ya nyumba nikasimamisha kibanda cha matofali chenye boila yangu mwenyewe, ya dizeli. Msimu ulipofika wa majirani kupuliza salfa kwenye mikorosho, lile vumbi la njano likawa linaingia kila mahali, nami nikaziba matundu ya hewa ya kibanda kwa nailoni ili mtambo usichafuke. Niliona ni wazo la mtu aliyesoma.

Watu walicheka, maji ya moto Mtwara ya kazi gani. Nikawaambia subirini.

Wakasubiri mpaka mke wangu Somoe alipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini, na anayemkanda ni mama yake. Mama mkwe akaja kutoka Kitaya na kanga zake na majani yake ya dawa, na neno lake la kwanza likawa kuuliza kuni ziko wapi (hakuniuliza mimi, kwetu mkwe hasemeshwi uso kwa uso, alimwuliza Somoe huku mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta). Kuni nilikuwa nimempa Mama Fadhila zote, pamoja na pipa la kuchemshia, nikamwambia kwa maringo, kapikie wewe, kwangu ni kufungua koki tu.

Somoe akafungua koki. Yakatoka maji ya moto, kisha ya vuguvugu, kisha ya baridi kabisa.

Nikaenda kibandani, nikabonyeza kitufe chekundu cha kuiwasha upya, ikanguruma, nikafunga mlango nikarudi ndani kifua mbele, ikazima. Nikarudia, ikazima tena.

"Somoe," mama mkwe akasema kwa sauti ya kunifikia, "mwambie mumeo mwanangu hakandwi kwa vuguvugu. Alasiri ikifika hakuna maji, tunakwenda Kitaya, na mtoto. Atawaona arobaini ikiisha."

"Mwambie mama asubiri kidogo," nikauambia ukuta.

"Mama, anasema usubiri kidogo."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Mwambie uzazi hausubiri."

Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Miaka yote ya ugenini nililala peke yangu nikiota nyumba yenye mtoto analia, sasa mtoto analia, na mtu anamfungia virago.

Kwenye ua wa mpakani Mama Fadhila alikuwa amekwisha kuegemea. "Kuni zipo, Mzungu wetu. Njoo uziombe kwa magoti."

"Zitunze, mtani."

"Nazitunza. Zitapikia ubwabwa kwenye msiba wa hilo dude lako."

Nikarudi kibandani. Nilikuwa nimevaa nguo za kupokelea wageni, kwa hiyo nikazivua zote nikabaki na chupi, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameketi uani, nikafunga mlango kwa komeo. Nikasafisha chujio la mafuta. Nikafungua nozeli, kile kitundu cha kunyunyizia mafuta, nikaipuliza. Nikafuta lile jicho la umeme linaloulinda moto, ambalo likiona mwali umefifia hukata mafuta. Kila nikiwasha moto ulianza vizuri, ukafifia, ukazima, nami natiririka jasho, nabonyeza kitufe tena na tena, jambo ambalo kitabu kinakataza kwa sababu mafuta hulundikana ndani. Nilikifahamu kitabu hicho. Nikabonyeza.

Ikalipuka puu, moja tu, masizi yakanimwagikia kichwani hadi magotini, na mikono na miguu yangu (si mimi) ikavuta komeo ikatoka nje, moja kwa moja mbele ya mama mkwe na wanawake waliokuja kutoa hongera. Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Wengine hawakujifunika. Nikarukia nyuma ya tangi la maji nikachuchumaa.

"Baba mtoto," Mama Fadhila akaita, "ndiyo sare ya diploma hiyo?"

Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Boila ilikuwa inanguruma. Mlango uko wazi, nayo inanguruma, haifi. Nikamwomba Somoe kanga, nikajifunga, nikaenda mbele ya wote nikafunga mlango. Mngurumo ukaanza kunyong'onyea. Nikafungua. Ukarudi. Moto ulikuwa unakosa pumzi, na aliyeuziba pua ni mimi, na kila nilipojifungia kwa heshima ya mkwe nilikuwa nauongezea mto usoni. Nikayachana yale manailoni yote, nikafunga mlango, nikakaa nje kwenye ngazi na masizi yangu, nikamwambia Somoe afungue koki.

Mvuke ukaonekana dirisha la bafuni, na sauti ya mama mkwe ikatoka humo:

"Somoe, mwambie mumeo yanachoma, apunguze."

Siku nilipokabidhiwa diploma sikujisikia hivyo. Nikapunguza, polepole, kama mtu mwenye uwezo wa kupunguza.

Mama Fadhila alikuja jioni na ndoo mbili kuomba maji, nikamjazia zote mbili. Tundu la hewa siligusi tena, na kazini naingia na suruali hata jua liwake vipi. Ila kiapo changu kikubwa ni kutomringia mtu yeyote tena maji ya moto, maana arobaini imepita zamani, mtoto anakaa mwenyewe, na mama mkwe bado anaoga kwangu asubuhi na jioni, anasema maji ya Kitaya yanamuumiza mifupa, nami kila nikitaka kwenda uani nyumbani kwangu mwenyewe nazunguka kwa mlango wa mbele, nisikutane naye.