Nilivyokwenda Kasulu Kumkaripia Ana

Nilitoka nyumbani Kitahana kwa sababu ya wivu, sitaficha. Jirani yangu Yosefina ana mjukuu anayesoma Uchina. Kila Jumapili tukitoka kanisani anatoa simu atuonyeshe theluji, utadhani kailima yeye. Na mjukuu wangu Ana, anayesomea uuguzi chuo kikuu, kachaguliwa kwenda Ujerumani miezi sita kujifunza kazi hospitalini, halafu anasema hataki. Fomu mwisho Ijumaa. Jumatano nikavaa kitenge kipya.

Saa moja asubuhi, stendi ya Kibondo. Nani nikamkuta? Yosefina na gunia lake la maharage.

"Mama Daudi, umependeza. Wapi?"

"Kasulu, kwa Ana."

"Ah, hapo tu. Wangu alipanda ndege mbili."

Nikaingia garini.

Tulipopita Makere, karibu na kambi ya wakimbizi, niligeuza uso. Na mimi niliingia nchi hii mtoto, tukikimbia Burundi. Leo sisi ni Watanzania, lakini sipendi kuangalia.

Saa sita, Kasulu. Ana, aliyeko huko kwa mafunzo ya vitendo, alinipikia ugali chumbani kwake. Sikungoja nishibe.

"Unaogopa baridi?"

"Hapana, Bibi."

"Lugha? Nauli?"

"Lugha nimeanza. Nauli wanalipa wao."

"Sasa ni nini?"

"Ni wewe. Tangu nikiwa mdogo unaniambia ugenini mtu anachota maji wa mwisho."

Nilisema hivyo kweli, tena na fimbo mkononi, ili asizurure. Na kisimani sisi wakimbizi tulichota wa mwisho kweli. Lakini siku moja mama mmoja Muha, mwenyeji wa huku, alinishika mkono, akanipitisha mbele ya wote, akasema, "Huyu ni wa kwangu." Nikala kwake mpaka nikavunja ungo. Hilo ndilo nikamwambia Ana.

"Mbona hukuwahi kunisimulia?"

"Hukuuliza."

Alicheka, akaifuta mikono, akajaza fomu nikimwangalia. Kisha akanionyesha kwenye simu picha ya mama wa Kijerumani ambaye yeye Ana atakaa kwake. Mnene, ana aproni, anatabasamu.

Alhamisi nikarudi Kitahana. Nilichojifunza ni kwamba mtoto nilimpa nusu ya habari, naye akaishi kwa nusu hiyo.

Yosefina hanisumbui tena. Anayenisumbua sasa ni yule mwenye aproni. Atampikia Ana wangu miezi sita, na sijui kama anajua kupika.