Skonzi Kavu za Dulcie

Neno lenyewe kwa Kiingereza ni plain. Dulcie Trewin alilisikia angali mdogo, amejificha chini ya meza, mama yake akinywa chai na wageni.

"Merle kajaliwa sura," mama akasema. "Dulcie ni plain tu, ila mikono yake ina akili."

Yaani hana pambo usoni. Dulcie hakulia. Alimalizia kipande chake cha keki kulekule chini ya meza, na neno likamganda maisha yote, kama paka wa jirani asiyefukuzika.

Hapo Bungalla, mji wa ngano na kondoo, neno hilo halikosi kazi. Unga usioumuka wenyewe ni plain. Mshono wa kwanza wa sweta anaofundishwa binti ni plain. Mtu asiyezungusha maneno, naye anasema plain. Ndivyo Clarrie, fundi wa vinu vya upepo, alivyomposa Dulcie.

"Mimi nakutaka. Wewe je?"

"Nami nakutaka. Vua viatu, nimepiga deki."

Basi Dulcie akawa haoni haya. Kila mwaka kwenye maonyesho ya wilaya aliingia shindano la skonzi plain, zile kavu: unga, siagi, maziwa, chumvi kidogo, kwisha. Tepe zake za buluu, za mshindi wa kwanza, zilijaa kwenye droo ya vijiko. Merle, mdogo wake, alishinda upande wa keki za maua ya sukari.

Mwaka mmoja kamati ikatangaza kuwa shindano lenye mshiriki mmoja litafutwa kabisa. Washindani wa Dulcie wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehamia pwani, wengine wamechoka kushindwa. Dulcie akavaa kofia, akaenda kwa Merle.

"Merle, oka skonzi."

"Mimi? Nioke chakula cha wagonjwa?"

"Oka, mwanamke. Shindano langu linazikwa."

"Siku zote unayacheka maua yangu, leo ndiyo umeniona wa maana!"

"Leo nakuhitaji. Nikwambieje tena?"

Merle akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya, dada. Lakini juu nitapaka yai zing'ae."

"Ukipaka yai wanakutoa! Ukitolewa, nabaki peke yangu, na shindano ndiyo basi. Hakuna yai, hakuna zabibu, hakuna sukari."

"Hata chembe?"

"Hata kwenye ndoto."

Asubuhi ya maonyesho Dulcie alikanda unga, lakini roho yake ilikuwa jikoni kwa Merle. Alimwona akilini, na brashi ya yai mkononi. Akapiga simu.

"Umepaka?"

"Sijapaka. Niache nioke!"

Akarudi kwenye meza, akakata, akatia ovenini, akapiga tena kuulizia sukari. Merle akamkatia simu.

Ukumbini sahani zilipangwa bila majina, kila moja na kikadi cha namba tu. Za skonzi kavu zilikuwa mbili, na hakuna iliyong'aa. Dulcie akashusha pumzi. Shindano limepona.

Mwamuzi, Bibi Ogilvie, akamega kwa vidole, maana skonzi haikatwi kwa kisu. Akanusa, akaonja. Kisha akaipindua moja, akaigonga kitako kama anayebisha hodi.

"Hii imeachiwa unga mkavu chini."

Dulcie akaijua. Kwa ajili ya simu zile hakuwa amepangusa trei. Utepe wa buluu ukaenda sahani ile nyingine.

Merle alishika mdomo. "Dada, nilivyojizuia! Ile brashi nimeitupa bandani kwa kuku, la sivyo ningepaka."

"Sura nzuri, na leo mikono pia. Huo ni ulafi."

"Umeudhika?"

Dulcie akajichunguza kidogo, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo. "Kidogo. Utaingia mwakani?"

"Niache kukushinda tena? Naingia!"

"Basi sijaudhika sana."

Nje, kwenye maegesho, Merle akafungua buti ya gari. Kumbe ameficha kikapu cha jamu na krimu humo. Wakakaa kando ya kikapu wakipaka skonzi zote, za mshindi na za aliyeshindwa, zikawa hazitambulikani. Dulcie akaulamba utepe wake mwekundu wa mshindi wa pili, uliodondokewa na krimu, akautia mfukoni. Droo ya vijiko haikuwa na wa rangi hiyo.