Shabani na Kiapo cha Maziwa

Mjukuu wangu Shabani hajawahi kuiba hata karoti moja ya jirani, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine. Ana miaka thelathini na minne. Analima karoti na kabichi bondeni kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Akija kwangu huvua buti nje, akazigonga ukutani tope lidondoke, ndipo apige hodi. Paa la jiko langu ameliezeka yeye. Watu wakimtaja husema, "Yule ana adabu." Ni kweli anayo. Nilimpa mimi, kwa mdomo na kwa fimbo.

Ana mdogo wake, Twaha, miaka ishirini na tisa. Wote wawili niliwalea mimi. Baba yao, mwanangu wa kumzaa, alioa mke mwingine Korogwe akanogewa na joto la huko, harudi. Mama yao Mwanaheri alikufa Twaha akiwa na miezi saba, bado ananyonya. Shabani anamkumbuka mama yake. Anakumbuka kanga yake, sauti yake, na jinsi alivyokuwa akipuliza moto huku amefumba jicho moja. Twaha hana kitu. Picha haipo. Alichokipata kwa mama ni maziwa ya miezi saba, basi. Alipokuwa mtoto aliniuliza mara nyingi, "Bibi, nilinyonya kweli?" Nikamwambia, "Ulinyonya mpaka ukamng'ata." Hapo alilala ameridhika.

Mchezo waliouzoea uliletwa na Latifa, binti wa jirani yangu, mwalimu wa sekondari. Alisoma Kifungilo, akaenda chuo Morogoro, huko ndiko alikojifunza. Si mchezo wa simu. Watu wanne wanakaa mezani kila Ijumaa baada ya sala, sebuleni kwangu, maana meza kubwa ni yangu. Kila mmoja ana karatasi inayosema yeye ni nani katika nchi ya kubuni, ana nguvu gani na amebeba nini. Latifa anasimulia nchi ilivyo na mambo yanayowafika. Wenzake wanasema wanachofanya. Mtu akitaka kufanya jambo gumu, labda kuruka korongo au kumdanganya mwenzake, lazima atupe kete yenye pande ishirini, na kete ndiyo inayoamua kama ameweza. Wa nne wao ni Anord, Mlutheri wa ng'ambo ya mto, mwenye ng'ombe watatu na maneno machache. Yeye alikuwa mpishi wa safari, kwa kuwa Anord hawezi kusahau chakula hata katika ndoto ya mtu mwingine.

Mwanzo niliwacheka. Watu wenye ndevu na mashamba, wanabishana kama upanga umekatika au haujakatika, na upanga wenyewe haupo. Lakini mimi napukuchua maharage kona ile ile, na masikio hayana mlango. Nikaanza kufuata.

"Leo Vuli yuko wapi?" nauliza.

"Yuko pangoni, Bibi," anasema Twaha.

"Tangu Ijumaa iliyopita? Anakula nini?"

"Anord kamchomea mjusi."

"Mnono," anasema Anord.

Vuli ndiye Twaha. Shabani alikuwa Masika, kaka yake Vuli. Walikuwa wana wa mfalme mmoja, katika nchi ya milima yenye chemchemi saba. Mwisho wa dunia yao ulikuwa ukingo wa jabali, nchi yote ya chini ikionekana kwa mbali kama uji uliomwagika. Nilimwambia Latifa, hapo ni Mtae, kijiji cha ukingoni huku huku kwetu, usinidanganye. Akacheka akakubali. Mtu mbaya alikuwa akizikausha chemchemi moja baada ya nyingine, wala hakuna aliyemjua. Vuli na Masika walimtafuta miaka mitatu. Miaka mitatu ya kweli, Ijumaa kwa Ijumaa, chai yangu na sukari yangu.

Hapa kwetu nasi tuna maji ya kugawana. Juu ya bonde kuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na mashamba yote ya chini yanayapata kwa zamu. Mfereji huo ulichimbwa na baba mkwe wangu na ndugu zake, kwa jembe na mikono. Tangu hapo mgawa maji hutoka katika nyumba yetu. Zamani alikuwa na kigingi cha kuzibia, siku hizi ni koki na kufuli. Na desturi ni kwamba mwanamke mkongwe wa nyumba ndiye humshika mkono mtu anayempeleka, akasema mbele ya wenye mashamba, "Huyu namjua." Asipomjua, hapewi. Mwaka huu shemeji yangu, mgawa maji wa sasa, amechoka, miguu imevimba, akasema ufunguo utolewe. Mkutano ukapangwa Jumamosi. Kila mtu alijua ni Shabani. Shabani mwenyewe alijua. Alikuwa tayari amechora zamu kwenye daftari, mashamba ya chini yapate mapema kuliko zamani, jambo la haki lililotushinda kwa miaka mingi. Aliutaka ufunguo huo kuliko alivyotaka mke.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, walicheza.

Ilikuwa imebaki chemchemi moja. Hiyo ya saba ilifunguka kwa kupuliza pembe moja tu, na pembe alikuwa nayo Vuli. Masika akamwambia ampe, aipeleke mahali salama. Twaha akakataa. Hakukataa kwa ugomvi, alisema tu, "Pembe nimeahidi sitampa mtu." Shabani akamwomba tena kwa maneno ya Masika. Twaha akasema, "Basi tupa kete, tuone kama unasema kweli."

Shabani hakuishika kete. Aliweka karatasi yake chini, akamtazama mdogo wake machoni, akasema kwa sauti ya kila siku, ile anayosemea shambani:

"Twaha. Kwa maziwa ya Mwanaheri tuliyonyonya mimi na wewe, nipe."

Hakusema Vuli. Alisema Twaha. Mikono yangu ilisimama kwenye maharage.

Twaha alisukuma kete pembeni. Halafu akasema, "Chukua, kaka. Kete ya nini."

Shabani akaokota karatasi, akatabasamu, akageuka Masika tena. Akaeleza kwamba aliyekuwa akizikausha chemchemi ni yeye. Maji hayakuwa yamekauka, ameyakusanya ya zile sita juu ya kilele, na sasa kwa ile pembe atafungua ya saba na kuyaachia yote mara moja, yaifagie dunia yote, watu na wanyama na makaburi, abaki yeye juu peke yake aanzishe nchi nyingine. Na wa kwanza kuchukuliwa na maji ni Vuli, aliyesimama mlangoni pa chemchemi. Aliyasema vizuri, kama mtu aliyekariri. Kisha akacheka, akapiga meza, akasema, "Miaka mitatu, na hakuna aliyenigundua."

Anord alisema, "Umetuweza." Twaha alicheka pia, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Karatasi yake aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Nilitoka nje nikatema mate. Mtu wa kuimaliza dunia hakunisumbua. Katika hadithi zetu fisi amekula ukoo mzima na tukacheka. Kishambaa tuna neno la mtu kama Masika, tunasema anabana shi, anaiharibu nchi, na tangu enzi za wafalme walioita mvua tunawajua ndugu waliogombea utawala mpaka ardhi ikafa. Nilijua hadithi ina mtu wa hivyo. Lakini kwa hilo kulikuwa na kete. Angetupa kete. Aliikimbia kwa kuwa ingeweza kumkataa, akaenda kuchukua maziwa ya marehemu, kitu pekee alichonacho mdogo wake, akakitumia kama chambo. Mimi ndiye niliyemwosha Mwanaheri. Nilipokuwa namwosha yale maziwa yalikuwa bado yanatoka.

Nilimwita Latifa jikoni. "Ulijua?"

"Usaliti nilijua, Bibi. Aliniambia kwa siri tangu mwaka jana. Ndivyo mchezo unavyochezwa, lazima adui awe karibu."

"Na kiapo?"

Akatazama sakafu. "Kiapo nimekisikia pamoja na wewe."

Wageni walipoondoka nilimzuia Shabani mlangoni, amekwisha kuvaa buti moja.

"Umeapa uongo kwa mama yako," nikamwambia.

"Bibi, alikuwa Masika."

"Masika mama yake anaitwa Mwanaheri?"

Aliinamia buti ya pili.

"Chota maji," nikasema. "Kesho pale ndiva, kabla ya kupewa ufunguo, sukutua mdomo, uyateme kwenye mfereji mbele ya Twaha, useme neno lile umelirudisha. Hapo nitakushika mkono."

Kwetu neno zito likimtoka mtu vibaya hurudishwa hivyo. Nimeona wazee wenye heshima kumzidi wakisukutua, na mwingine alikuwa imamu.

"Mbele ya watu wote? Kwa ajili ya mchezo?" Uso wake ukawa mgumu, na niliuona uso wangu mwenyewe pale. "Watasema nimerogwa. Watasema wajukuu zako washirikina."

"Sijakuambia uchinje kondoo. Nimekuambia usukutue."

"Siwezi, Bibi."

"Basi na mimi siwezi."

Akavaa buti ya pili akaenda zake.

Asubuhi Twaha alifika mapema, hajanywa hata chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumsemea."

"Ndiyo. Mpe ufunguo. Atagawa vizuri kuliko wote, unajua."

"Najua."

"Na mimi sijakasirika."

"Karatasi yako iko wapi?"

"Nimeichoma." Aliona amejisema, akakuna shingo. "Bibi, yule hakukusudia. Alitaka kushinda tu."

"Ndiyo hivyo. Alitaka kushinda, akatazama kilicho karibu na mkono, akakuta ni mama yake. Mwaka wa ukame, maji yakiwa nusu, watu wanashikana mapanga, huyo huyo atataka kushinda tena. Atachukua nini siku hiyo?"

"Basi nipe mimi."

"Wewe ulitoa pembe bila kete," nikamwambia. Hakupenda. Ilikuwa kweli.

Mkutano ulikuwa pale juu kwenye ndiva. Wenye mashamba walikuwa kama hamsini, Waislamu na Wakristo, wengine na majembe yao. Shabani alivaa shati jeupe, na daftari lake chini ya kwapa. Shemeji yangu akaketishwa kwenye jiwe, akautoa ufunguo, akaniita. Nilimtazama Shabani. Mfereji ulikuwa hatua tatu kutoka miguuni pake, maji yanapita. Twaha alisimama upande wa pili makusudi, ili kama kaka yake anataka, asipate hata taabu ya kumtafuta. Nilingoja. Watu wakaanza kukohoa.

Shabani aliyatazama yale maji. Nilidhani anainama. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Nikasema, "Katika nyumba yangu mwaka huu simjui mtu."

Kelele zilizofuata sitaziandika. Wengine walidhani uzee umenipanda kichwani. Shemeji yangu alilia, mtu mzima. Hakuna aliyeniuliza sababu ambaye nilimjibu, maana aibu ya nyumba siyo ya bonde zima. Baada ya kubishana mpaka jua la utosi, ufunguo walimpa Anord. Alitikisa kichwa, akasema yeye ni mpishi tu, wakacheka bila kumwelewa, akaupokea.

Ikaisha hivyo, vizazi viwili vya kugawa maji, kwa mdomo wangu. Shabani alimkabidhi Anord lile daftari la zamu pale pale, bila kuombwa, na hilo nalo lijulikane. Mashamba ya chini sasa yanapata maji mapema. Sisi wa juu, wenye mfereji, zamu yetu ni Jumanne alasiri, na tukichelewa koki inafungwa. Karoti zangu za kiangazi nilizipanda wiki tatu nyuma ya wenzangu.

Mwezi uliopita alikuja peke yake, akagonga buti, akapiga hodi. Alikaa muda mrefu akiangalia meza, ambayo siku hizi ina magunia juu yake, maana mchezo wamehamishia kwa Latifa na Twaha hataki kwenda.

"Bibi," akasema, "hata nikisukutua leo, ufunguo haurudi."

"Haurudi."

"Sasa itasaidia nini?"

Kama bado anauliza itamsaidia nini, hajaelewa alichokifanya, na mimi sina meno ya kumtafunia. Nilimpa chai. Alikunywa, akaosha kikombe, akaenda shambani kwake kwa njia ya juu, ile isiyopita kwa mdogo wake.