Chai ya Mzee Aliyenipa Mgongo

Sina nguvu ya kubishana na mtu, kwa hiyo ukiamua kutoamini, usiamini. Mimi chai ile niliinywa kwa mdomo wangu huu huu, hapa hapa Tukuyu, mchana kweupe.

Wakati huo nilikuwa namuuguza mama mkwe. Mume wangu yuko Kiwira kikazi, mawifi wako mbali, hivyo kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha, yote yangu. Uji alikuwa anautema, na daktari alishasema asipokula tutampoteza. Nilikuwa nimechoka, jamani, uchovu ule wa kusinzia umesimama huku unasonga ugali.

Siku hiyo natoka kumchukulia dawa, mvua ya huku mnaijua, haina adabu. Nikakata kichochoro cha Msasani hii ya hapa Tukuyu ninachopita kila siku, nikaona kibanda cha chai ambacho sijawahi kukiona. Mapazia yamefumwa kwa mkono, vikombe vya bati vinang'aa, kuni zinawaka, harufu ya mchaichai hadi nje. Kwa kweli nilikipenda. Nikaingia.

Ndani alikuwemo mzee mmoja tu, amevaa koti la kahawia lenye kiraka cha bluu begani. Nilipomwamkia akageukia ukutani. Akamimina chai amenipa mgongo, akaweka kikombe kwenye meza ya mbali, akasogea pembeni ndipo nikichukue. Nikajisemea, huyu mzee ana dharau gani? Lakini ile chai! Niamini, nilipoimaliza mabega yalilegea, nikalala pale pale mezani.

Nilipozinduka nilikuta chupa ya chai mbele yangu, imejaa. Mzee akasema, bado anatazama ukuta, "Mpelekee mama yako. Mwambie maji yamechemka."

Nilikuwa nimemwambia nina mgonjwa? Wala.

Nyumbani mama mkwe alikunywa kikombe kizima bila kutema. Kwa furaha nikaanza kumsimulia yule mzee, koti lake, maneno yake, na jinsi alivyonikera. Akanishika mkono.

"Alikutazama?"

"Hata kidogo, mama. Kama vile nimemkosea."

"Hujamkosea, mwanangu. Kwetu sisi baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Amekuheshimu."

Mimi kwetu Singida. Mila hiyo nilikuwa naisikia juu juu tu, na baba mkwe alikufa kabla sijaolewa. Mama akanieleza taratibu kwamba enzi zao za kuchuma chai, mumewe ndiye aliyekuwa akitangulia kuamka na kuwasha moto, wanaume wenzake wakimcheka, na akitaka kumwamsha mkewe alisema maneno hayo tu: maji yamechemka. Kisha akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga, mwanangu," akaomba nimfungulie mlango. Kabla giza halijaingia alikuwa ameshaondoka duniani.

Nilirudi kwenye kile kichochoro. Ni migomba mitupu. Chupa ninayo, iko juu ya kabati, haina kitu ndani, na kila mvua ikinyesha nikiigusa naikuta ya moto.

Wewe uliyeolewa huku, ukihudumiwa chai na mzee asiyetaka kukutazama, kunywa yako, shukuru, uondoke. Usimbebee mtu wa nyumbani. Mimi nilitamani kupumzika tu. Basi nimepumzika, kitanda chake kimetandikwa, na bado kila alfajiri naamka kwenda kumgeuza.