Mistari Niliyoifuta Kabla ya Kuipima

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashusha pumzi. Nilikuwa kijana, fundi rangi kwenye gereji ya Gerezani, hapa nyuma ya Kariakoo, na nilijiona najua kila kitu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ila ukiwapo, nao huziba macho.

Mzee Jayanti, muuza vitambaa wa karibu na Mnazi Mmoja, alituletea gari lake la kizamani, jeupe, la milango miwili. Ubavuni lilikuwa na mistari miwili ya bluu iliyopauka, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Aliichagua marehemu mkewe. Sasa binti yao alikuwa anaolewa, na baba alitaka aende harusini ndani ya gari la mama yake.

"Rangi iwe mpya," aliniambia, akinipa picha ya zamani, "lakini mistari iwe ile ile."

Nikaitikia, nikashika msasa, na kufikia jioni mbavu zote mbili zilikuwa bati tupu.

Kesho yake Mzee Temba, Mchaga mpole aliyenifundisha kazi, aliniuliza mstari mnene ulikuwa na upana gani. Nikamwonyesha picha.

"Picha inakupa sura, haikupi kipimo," alisema. "Gari hapa limekaa mshazari. Ulipima kabla hujafuta?"

Nikatikisa kichwa. Kisha nikasema tukadirie tu, nani atajua?

"Atajua yeye, anayeliosha kila Jumapili. Nenda kamwambie."

Nilikatiza Kariakoo katikati ya mikokoteni bila kumwona mtu. Njiani nilitunga uongo wa kila aina, nikauacha wote kabla sijafika dukani kwake. Mficha maradhi, kilio humfichua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari limeisha?"

"Bado, mzee. Nimefuta mistari kabla ya kuipima. Kosa ni langu."

Aliweka mkasi chini. Hakunigombeza. Akasema polepole, "Mama watoto aliwahi kuligonga kwenye nguzo. Tukabadilisha mlango wa kushoto. Ule wa kwanza sikuweza kuutupa."

Tulipanda stoo, tukahamisha majora ya vitambaa, na nyuma yake mlango ulikuwa umeegemea ukutani, umebonyea katikati, lakini mistari yake ipo. Nilipiga magoti na futi mkononi. Mnene ulikuwa milimita thelathini na nane, nafasi kumi, mwembamba sita. Nikapima pia kutoka ukingo wa chini, mbele na nyuma, nikagundua kwamba mistari ilikuwa ikipanda kidogo kuelekea nyuma. Kwa macho yangu ningeinyoosha, na ule mnene ningeuzidisha karibu kidole kizima. Nikabandika karatasi, nikafuatisha kwa penseli, kisha nikaikunja taratibu na kurudi nayo gereji.

Asubuhi ya harusi Mzee Jayanti alipitisha kiganja ubavuni mwa gari, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, bila haraka.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Mzee Temba akaenda kunywa chai bila kukosoa chochote. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Mwanangu, leo una simu inayopiga picha kadiri upendavyo. Piga, lakini pima pia, na uandike, kabla hujagusa msasa. Kama kipimo kimeshapotea, usikisie: tafuta gari jingine la aina ile, chungulia chini ya mpira wa dirisha, ambako rangi ya zamani hubaki, uliza waliolijua. Na ukikosea, mwendee mwenye mali mapema ukiwa na ukweli, kwa sababu dawa ya kosa lako huenda anayo yeye. Kama ningedanganya, stoo ile nisingefunguliwa.

Mungu autulize mkono wako kazini, aupe ulimi wako ujasiri wa kusema "nimekosea," na akukutanishe na watu watakaokusikiliza mpaka mwisho.